Uzoefu wangu na fremu za mbao, alumini na PVC katika nyumba yenye unyevu mwingi

Ninaishi mahali ambapo nguo zilizoanikwa ndani hulala mbichi hadi asubuhi, na katika nyumba hii hii nimekwisha kutumia fremu za madirisha za aina tatu.

Za kwanza zilikuwa za mbao, na kwa sura hakuna zilizozishinda. Kwa kuwa mbao hunywa unyevu na kuvimba kwa upana, kila msimu wa mvua dirisha la chumbani liligoma kufunga. Fundi alikuja na randa akalipunguza, na kiangazi kilipofika likabaki na mwanya wa kupitisha kidole. Uozo nao haukuanzia usoni nilipokuwa nikipakagua, bali kwenye ncha ya chini ya mwimo, pale msumeno ulipopita na brashi ya rangi haikufika. Niliibonyeza kwa bisibisi, ikazama nusu, ilhali rangi ya juu bado inang'aa.

Nikahamia alumini, ambayo haiozi, haivimbi wala mchwa hawana haja nayo. Hata hivyo hupitisha joto kwa urahisi mno, kwa hiyo katika chumba chenye kiyoyozi fremu ilipoa na kutoa jasho upande wa nje, matone yakawa yanachuruzika ukutani hadi kuvu jeusi likajichora chini ya dirisha. Zipo fremu za alumini zenye utepe wa plastiki unaotenganisha upande wa ndani na wa nje, na laiti ningelijua hilo mapema ningelizidai. Kilichoniudhi zaidi ni skrubu: fundi alifunga za chuma cha kawaida, zikashika kutu, na alumini iliyozizunguka ikalika, ikaacha unga mweupe na malengelenge kwenye rangi. Za chuma cha pua, zikiwekewa washa za plastiki za kuzitenga na alumini, zingeniepusha na hayo.

Sasa nina fremu za PVC ngumu, yaani plastiki, vyumbani, na nimeridhika nazo, ingawa si kwa kila kitu. Hazitoki jasho kama alumini wala hazivimbi kwa unyevu, lakini jua huzitanua takriban mara 3 ya alumini, hivyo fundi asipoacha nafasi pembeni, dirisha refu hupinda. Ndani yake mna pau za chuma za kuzikaza, nazo hushika kutu maji yakiingia. Mwaka wa pili niliona maji yamesimama kwenye reli ya chini. Kumbe nyigu walikuwa wameziba kwa udongo vitundu vya kutolea maji. Nilivizibua kwa waya mwembamba, maji yakatoka papo hapo, na tangu hapo navikagua kila mvua zinapokaribia.

Sebuleni, ambako hakuna kiyoyozi na kioo ni kipana, nimeibakiza alumini, ila skrubu zote nimezibadilisha.