Besi la kusimama au gitaa la besi: kiongozi wa bendi ya jazi Dar ashike lipi?

Mtunzi anayeongoza bendi akiwa kwenye besi ana njia mbili, na zote zina magwiji wake. Charles Mingus (1922–1979) alishika la kusimama, na mara nyingi aliwafundisha wenzake tungo zake kwa kuwaimbia au kuwapigia, si kwa karatasi. Jaco Pastorius aling'ara kwa gitaa la besi lisilo na freti, yaani vile vyuma vya shingoni vinavyotenganisha noti.

Kwa kawaida yote yana nyuzi nne, tena zenye sauti zilezile. Lakini besi la kusimama lina urefu wa karibu mita 1.8, kulipakia kwenye bajaji ni mtihani, na unyevu wa pwani huweza kulegeza gundi ya mbao zake. Ila kidole kikivuta uzi, noti inachanua halafu inafifia taratibu, na mpiga dramu anapata pa kuegemea. Sauti ile naipenda mno!

Gitaa la besi bila spika halisikiki ukumbini. Hata hivyo ndilo lililobeba dansi letu, la bendi kama Msondo na Sikinde, na wapigaji wake mjini hawakosekani. Kwa maonyesho ya kuhamahama, chukua gitaa. Ukiingia studio kurekodi tungo zako, tafuta la kusimama, hata kwa kuazima.