Mshauri wa muziki asiyetaka kusikia muziki (uzoefu wangu, Glasgow)

Nianze na nyota kabisa: moja. Ingekuwepo njia ya kutoa nusu, ningetoa nusu. Nikifika chini huenda nikabadilisha, hasira zangu nazijua.

Ni huduma ya ushauri wa kazi kwa wanamuziki, ipo hapa Glasgow. Jina nalihifadhi, mji wenyewe wanamuziki wake tunajuana. Unajaza fomu, unapangiwa mtu wa kukaa naye ana kwa ana, mnaongea jinsi ya kuishi kwa muziki Scotland. Bure. Mengine mtayasoma kwenye tovuti yao, picha zote watu wanacheka.

Mimi ni mpiga besi. Kabla sijaja huku nimepiga dansi Dar es Salaam, kumbi za Kinondoni, zile za kuanza saa nne usiku na kushuka jukwaani muadhini ameshamaliza. Huku nimepiga harusi, nimepiga baa za mtaa wa Govanhill, nimepiga na bendi moja ya soul mpaka ikavunjika kwa ugomvi wa mapenzi, habari ambayo ni ya siku nyingine. Nyimbo naandika mwenyewe, kwa Kiswahili, naimba mwenyewe huku besi nimeivaa. Sikwenda pale kufundishwa kushika gitaa.

Nilikwenda na maswali mawili tu, nimeyaandika kwenye karatasi. La kwanza la mirabaha: zamani nilijisajili COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya nyumbani Tanzania, sasa nyimbo zilezile nikizipiga hapa Uingereza, nani ananidaia haki yangu, na nifanye nini haki hiyo isidaiwe mara mbili au nisisahaulike kabisa? La pili ni Showcase Scotland. Kwa wasioijua, kila Januari tangu 1994 Glasgow kuna tamasha la Celtic Connections, na ndani yake kuna hiyo Showcase ambapo mapromota wa nchi za nje wanakuja kuwatazama wanamuziki wa Scotland. Ukionekana pale unaweza kupata kazi za kiangazi kizima Ulaya. Nilitaka kujua mlango uko upande gani.

Mshauri wangu alikuwa mwanamume wa makamo, fulana ya bendi, mchangamfu sana dakika mbili za kwanza. Mezani kwake kulikuwa na hedifoni kubwa za studio, zile nzuri, waya wake ameuzungushia kikombe cha chai. Kumbukeni hizo hedifoni.

Akafungua fomu yangu kwenye kompyuta. "Kwa hiyo unaimba." Nikasema naimba na kupiga besi. "Safi. Na nani anakupigia besi?" Mimi. "Hapana, nauliza ukiwa jukwaani, unaimba, besi anapiga nani?" Mimi, kaka. Mimi. Akaandika kitu. Mpaka leo natamani kujua aliandika nini.

Nikamwambia ingekuwa rahisi asikilize, wimbo ninao kwenye simu, na kiungo chake nimekiweka kwenye fomu kama walivyotaka. Dakika tatu na nusu tu. Akasema atausikiliza baadaye, kwanza "tuuelewe mkakati wangu." Basi tukauelewa mkakati wangu. Muda wote uliobaki mtu yule alinishauri kuhusu muziki ambao hajausikia hata noti moja! Akaniambia hadhira yangu ni akina nani. Akaniambia rangi za picha. Akaniambia watu wa hapa wanapenda ngoma, kwa nini nisiongeze ngoma. Umejuaje hazimo? Hata fundi cherehani wa Kariakoo hakukatii kitambaa kabla hajakupima kiuno. Na hedifoni ziko palepale mezani, nimezikodolea macho mpaka kikao kinakwisha, hazikuinuliwa.

Halafu ikaja Oktoba. "Umeifikiria Oktoba?" Ndiyo Mwezi wa Historia ya Watu Weusi hapa, na halmashauri, maktaba na vyuo wanatafuta watu wa kutumbuiza. Akanipa orodha ya anwani, nzuri kwa kweli, imepangwa vizuri. Nikamuuliza, na Novemba nile nini? Akacheka. Alidhani natania. Nikarudi kwenye Showcase. Akasema ile ina ushindani mkubwa, "labda baadaye." Sawa, ina ushindani. Lakini anayesema sijafika kiwango amekipima kwa sikio gani?

Isiwe watu wanadhani Scotland haina masikio. Kundi la Young Fathers la Edinburgh, mmoja wao Alloysious Massaquoi amezaliwa Liberia, wamechukua tuzo ya albamu bora ya mwaka ya Scotland mara tatu, 2014, 2018 na 2023, na huohuo 2014 wakabeba Mercury, tuzo ya albamu bora ya Uingereza na Ireland. Hakuna aliyewangojea Oktoba. Celtic Connections yenyewe imemweka Toumani Diabaté wa Mali na kora yake, kile kinubi cha Afrika Magharibi, jukwaani, na mji ukaja kumsikiliza. Hadhira ipo. Kilichokosekana ni mtu mmoja kubonyeza kitufe.

La mirabaha akalijibu kwa sentensi moja: "Hilo waulize PRS," yaani chama kinachokusanya mirabaha ya watunzi hapa Uingereza. Jamani. La fedha akasema niombe Creative Scotland, shirika la umma linalofadhili sanaa, akalisema kirahisi kama vile dirisha liko wazi muda wote. Mfuko wao wa wasanii binafsi ndio uleule uliofungwa Agosti 2024 kwa sababu fedha za serikali hazikuwa na uhakika, wasanii wakapiga kelele nchi nzima, ukafunguliwa tena wiki chache baadaye. Mtu wa kazi hii anapaswa kukwambia namna ya kuliandika ombi, bajeti wanaitaka vipi, ujilipe kiasi gani humo ndani. Yeye alinipa jina la mfuko, na jina nilikuwa nalo.

Sasa hapa ndipo nyota zinaponichanganya. Natoka, natafuta koti, dada wa mapokezi akaniuliza imekwendaje. Uso wangu haujui kuficha. Kumbe naye ni mwanamuziki, anapiga fidla, pale mapokezi anatafuta kodi ya nyumba. Akavuta kiti. Muda mfupi tu, tumesimama nusu tumekaa nusu, akanipa kila nilichokifuata.

Kwamba PRS wanamkusanyia mtunzi, PPL wanamkusanyia aliyepiga kwenye rekodi na mwenye rekodi, ni mifuko miwili tofauti, na mimi ninastahili yote miwili. Kwamba PPL kujiunga ni bure, PRS unalipa mara moja tu. Kwamba chama cha nyumbani na cha hapa wanaweza kugawana maeneo, kila mmoja akukusanyie upande wake, ila wawili hawawezi kukusanya sehemu moja, kwa hiyo nimalize kwanza habari za COSOTA kwa maandishi. Na kubwa kuliko yote: baa na kumbi zinalipia leseni ya muziki, lakini usipopeleka orodha ya nyimbo ulizopiga usiku ule, hakuna anayejua kwamba fungu lile ni lako. Miaka yote niliyopiga nyimbo zangu Govanhill sikuwahi kupeleka hata orodha moja! Hakuna aliyewahi kuniambia. Akaniambia pia nijiunge na Musicians' Union, chama kilichoanzishwa 1893, wanasoma mkataba wako kabla hujasaini na wana bima ya kukulinda ukimwangushia mtu spika. Tena bima ya paundi milioni kumi. Nilicheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Kisha akauliza, "Wimbo wako unao hapo?" Akachomeka hedifoni zake mwenyewe, ndogo, moja imefungwa kwa utepe. Akasikiliza wote. Simu ya ofisi inalia, haipokei. Ulipoisha akaniuliza kile kipande cha katikati besi inapopanda, nakipiga kwa vidole vingapi.

Fedha za kwanza za PRS zimeingia miezi kadhaa baadaye. Si nyingi, zimenunua nyuzi mpya na mchele. Ila zimeingia kwa jina langu kama mtunzi, na wallahi nilipiga picha ya skrini.

Basi nyota tatu? Niliandika tatu, nikafuta. Kwa sababu yule dada hayumo kwenye huduma, hakupangiwa mimi, halipwi kushauri. Nimesikia ameshaondoka. Mkienda leo mtamkuta yule bwana na mkakati wake. Nikisema nyota tatu nawadanganya. Nikisema moja namnyima yule dada. Haya, mbili, lakini zote ni zake.

Kwa atakayekwenda: usikubali kuanza kuongea kabla wimbo haujapigwa. Sema mwanzoni kabisa, kabla hujakaa. Akikataa, omba mshauri mwingine, wanasema inawezekana.

Juzi wameniandikia barua pepe. Kichwa chake: "Fursa ya Oktoba!" Wananiomba nitumbuize nusu saa kwenye hafla yao wenyewe, malipo hakuna, lakini "utaonekana." Na kama inawezekana nije na mpiga besi. Nimewajibu kwa bei: ya mwimbaji na ya mpiga besi, mbali mbali. Hawajarudi. Wakilipa nitaongeza nyota, nimewaahidi kwa maandishi.