Kava la godoro la zipu: miezi minne kitandani kwa mwanangu mwenye pumu

Daktari aliponiambia huenda godoro ndilo linalombana mwanangu kifua usiku, nilicheka. Godoro halijafika miaka mitatu, na mimi nafagia asubuhi na jioni. Akaniambia, mama, wadudu wa vumbi huwaoni kwa macho, wanakula magamba ya ngozi yanayotudondoka, na joto la Dar na unyevu wake ndiyo raha yao. Kinachomdhuru mtoto hasa ni kinyesi chao. Nikaacha kucheka.

Nikaenda Kariakoo. Hapa nisikilizeni vizuri, maana nimeshatupa 25,000 kwa kutojua. Kava la kwanza lilikuwa lile lenye lastiki, linavaa godoro juu na ubavuni tu, chini wazi. Muuzaji alilisifia kwamba maji hayapiti. Kweli hayapiti, ni la vikojozi. Mtoto akijigeuza linalia kama mfuko wa mkate, asubuhi mgongo chapachapa kwa jasho. Na kwa pumu ni bure, godoro halijafungwa.

La pili ndilo ninalolisifia. 55,000, na dukani linaitwa kava la kunguni, habari ya pumu hakuna aliyeitaja. Juu ni kitambaa laini kama fulana, ndani kina utando mwembamba, na zipu inazunguka pande tatu ili godoro lizame lote kama mto kwenye foronya. Juu, chini, ubavuni, miguuni, kote kumezibwa. Halipigi kelele. Joto lake linavumilika feni ikizunguka. Umeme ukikatika, hayo mengine.

Sasa kasoro. Vipimo vyake si vya kwetu. Godoro letu ni futi 3 na nusu kwa 6. Kava la sentimita 90 haliingii, la 120 linapwaya. Nilikuwa nampelekea fundi cherehani alipunguze, shoga yangu akanizuia: kila tundu la sindano ni mlango. Nikakunjia ziada chini ya godoro, yakaisha. Halafu zipu. Pale inapoishia kwenye kona imeacha upenyo unaopitisha ncha ya kidole cha mwisho. Nimebandika plasta pana ya kufungia vidonda, naibadilisha kila ninapolivua. Kwa bei ile, hilo lilipaswa kufanywa kiwandani.

Ila usivalishe godoro ukauacha mto. Mwanangu alikuwa akilalia mto wa sufi alioletewa na bibi yake kutoka Muheza, mzito kama gunia la mchanga, una umri mkubwa kuliko ndoa yangu. Kuutoa ilikuwa kesi na bibi yake. "Baba yake kaulalia huu mpaka kaoa, kwani alikufa?" Nikasema, hapana mama, ila huyu kifua chake si kama cha baba yake. Sasa uko juu ya kabati la sebuleni, umefungwa kwenye mfuko, na kila bibi akija anautazama kwanza ndipo anisalimie.

Shuka na foronya nafua kila Jumapili kwa maji ya moto, yasipungue nyuzi 60. Mashine sina. Natumia birika la umeme: mabirika mawili yanayochemka kwa moja la maji ya bomba, naroweka, nafunika beseni. Sungura wake wa manyoya analala kwenye friza usiku kucha, kesho yake anafuliwa, maana baridi inaua wadudu lakini uchafu wao hauondoki.

Zamani niliamka saa nane za usiku karibu kila siku kumpa inhela ya bluu, ile ya kufungua kifua haraka, kifua kinapiga mluzi. Mwezi uliopita niliamka mara mbili. Siwezi kuapa kwamba ni kava peke yake, kwa sababu wiki ileile nilipiga marufuku udi na dawa ya mbu ya kuchoma, tukabaki na chandarua. Na dawa yake ya kuvuta ya kila siku hatujaiacha, daktari alilirudia hilo mara tatu.

Nyota 4 kati ya 5, moja nimeikata kwa ajili ya ile zipu. Jumamosi narudi Kariakoo kutafuta la kitanda chetu, 5 kwa 6, maana ikifika saa kumi alfajiri kitanda chake hakina mtu.