Kufuli la U: miezi saba katika vumbi la Dodoma

Baada ya kutoka dukani karibu na Soko la Majengo na kukuta baiskeli haipo, huku waya wa kufuli ukiwa umebaki chini kama mkia wa mjusi, nilikubali kutoa shilingi 45,000 kununua kufuli la chuma lenye umbo la U. Waya ule wa kuzungusha ni nyuzi nyembamba za chuma zilizosokotwa na kuvikwa plastiki, na koleo huzikata kidogo kidogo bila kelele. Kufuli hili ni chuma kimoja kigumu, ambacho kinahitaji grinda, na grinda hupiga makelele na kurusha cheche mbele za watu.

Udhaifu wake nimeuona mapema. Ni fupi mno kuizunguka nguzo ya umeme, kwa hiyo mara nyingi hulazimika kutafuta nondo za dirisha au uzio wa chuma, na kuna siku niliacha duka nililolikusudia kwa sababu hiyo tu. Nguzo fupi ya kibao cha barabarani haifai, kwani mwizi huinyanyua baiskeli juu pamoja na kufuli lake. Mimi hupitisha U kwenye fremu na gurudumu la nyuma kwa pamoja, nikihakikisha nafasi inayobaki ndani yake ni ndogo, ili mtaimbo usipate pa kuingia. Lile kufuli la duara linalokuja na baiskeli nyingi za Phoenix nimelibakiza pia, ingawa peke yake huzuia gurudumu kuzunguka tu. Mtu mwenye mabega huibeba baiskeli na kuondoka nayo.

Kinachosumbua zaidi ni vumbi. Mwezi wa Agosti, upepo ulipochachamaa, ufunguo uligoma kuzunguka nikiwa pembeni mwa Nyerere Square jua la saa saba likinichoma utosi. Muuzaji alikuwa ameshauri mafuta ya cherehani, nami nilitii, kumbe mafuta ndiyo yaliyokusanya vumbi likawa tope ndani ya tundu. Nililisafisha kwa mafuta ya taa, nikaliacha likauke kabisa, kisha nikapulizia unga wa risasi ya penseli niliyoichonga kwa wembe. Tangu hapo huelekeza tundu chini ninapofunga, na ufunguo haujagoma tena.