Odyssey PC680 kwenye ndege ndogo ya kujiundia: bado inafaa, ukiijulia chaja

Kwa mwenye ndege ya kujiundia, iwe inaegeshwa Nakuru, Kisumu au Kitale, Odyssey PC680 bado ndiyo betri ya kununua. Ni ya volti 12, ampea-saa 16, uzito wake kilo 7. Tindikali yake imenyonywa na pamba ya kioo, kwa hiyo haimwagiki ndege ikilala ubavu, wala haiongezwi maji. Hayo utayasoma kwenye boksi. Kinachoiua mapema huwa ni chaja.

Chaja ndogo za pikipiki, zile za ampea 1, haziifai. Bamba zake nyembamba za risasi safi zinataka mkondo wa nguvu: ampea 6 kwenda juu, kwa volti 14.4 hadi 14.7. Betri iliyoisha kabisa ukiichaji kwa ampea 1, taa ya kijani itawaka lakini salfa itabaki kwenye bamba, na uwezo utazidi kushuka. Chaja zinazopandisha volti kupita 15 ili "kufufua" betri ni mbaya vilevile: gesi inatoroka kupitia vali, betri inakauka, na hakuna mahali pa kuirudishia maji. Ukishachaji, iache usiku mzima kisha pima volti kwa multimita (kipima umeme). Iliyojaa inasoma 12.84 au zaidi. Ikishuka hadi 12.65, irudishe kwenye chaja siku hiyo hiyo.

Joto la Kisumu linaitesa kuliko baridi ya Nakuru. Betri iliyokaa tu, kila joto likiongezeka nyuzi 10, muda wa kuhimili bila chaji unapungua kwa nusu. Tena pale penye moto zaidi ni mbele, kwenye ukuta wa injini, dakika chache baada ya kuzima: hewa ya kupoza imekoma na silinda bado zinachoma. Fungua kile kimlango cha kupimia oili mara tu unaposimama, joto litoke. Kama betri yako imefungwa hapo, nunua ile yenye koti la chuma. Ya kawaida isipite nyuzi 45.

Kuibadilisha si kazi ngumu, ila mpangilio usikiukwe. Zima swichi kuu, toa waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Wakati wa kurudisha, hasi iwe ya mwisho. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi ya ndege utapata cheche kubwa, na huenda mvuke wa petroli uko karibu. Kichwa cha waya kikae moja kwa moja juu ya ncha ya betri, washa (vile vipete vya bolti) zije juu yake, halafu bolti ya M6, yaani ya kipenyo cha milimita 6. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea: washa ikiwekwa katikati, umeme unapita kwa taabu na kiungo kinachemka. Bolti ikiwa ndefu nayo inagonga chini ya tundu kabla ya kubana waya; mkononi utadhani imekaza, kumbe waya unacheza. Waya mnene usiokunjika pia huivuta ile ncha ya betri kila injini inapotetemeka, hadi inapasuka kwenye mzizi. Tumia waya laini wenye nyuzi nyingi.

Kabla ya kutoa pesa ya betri mpya, pima waya wa ardhi. Weka ncha moja ya multimita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini, mwenzako apige stata, watu wakae mbali na propela. Ikipita nusu volti, kasoro iko kwenye waya au viungo vyake.

Kipimo cha uwezo kifanywe kila mwaka, hasa kama iginisheni au skrini zako hutegemea umeme. Chaji ijae, iache itulie, unganisha balbu ya gari ya wati 60, ambayo inavuta karibu ampea 5, na uhesabu muda hadi volti zishuke 10.5. Betri mpya hukaribia saa tatu. Ikishindwa kufikisha asilimia 80 ya muda wake wa awali, itoe, hata kama bado inapiga stata vizuri. Kupiga stata ni kazi ya sekunde chache. Alteneta ikifa angani utahitaji nusu saa au zaidi.

Je, lithiamu? EarthX ETX680 ina uzito wa kilo 2 hivi, na kwa ndege nyepesi tofauti ya kilo 5 ni kubwa. Lakini lazima alteneta iwe na kinga ya volti kupita kiasi, na sakiti ya kujilinda iliyo ndani ya betri hiyo inaweza kukata umeme ghafla, ilhali ya risasi hukuonya kwa stata inayovuta polepole. Usafirishaji nao ni mgumu: sheria za mizigo ya anga haziruhusu betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake, bila kifaa, kama mizigo kwenye ndege za abiria. Ukiichagua, piga upya hesabu ya uzito na kitovu cha mizani, kwani kutoa kilo 5 puani kunasogeza kitovu nyuma, kisha uandike kwenye kitabu cha ndege.

Dukani, beba multimita. Betri "mpya" inayosoma chini ya 12.65 imekaa rafuni bila kuchajiwa. Iache hapo hapo.