Maskati na wazee: kilichostahili pesa na kilichostahili kukatwa

Kwa mzazi wa Pwani aliyefikisha sabini, magoti yakiwa yameanza kugoma na asiyependa kuongea kwa ishara, Oman naiweka mbele ya nchi zote tulizozifikiria. Niliwapeleka baba na mama Maskati Novemba 2024, walipotimiza miaka arobaini ya ndoa. Mji naupa alama zote. Kifurushi nilichouziwa na wakala wa Dar ni habari nyingine.

Mjadala wa nchi ulituchosha kwenye kundi la WhatsApp la familia. Kaka alishikilia Dubai kwa sababu ameshafika na anayajua maduka. Dada mkubwa alitaka Istanbul, na sote tulijua ni tamthilia zile za Kituruki. Mama aliulizwa mwisho, kama kawaida yetu, akajibu kwa ujumbe wa sauti: "Huko kote kuzuri wanangu, ila mimi nitaongea na nani?" Ndipo Maskati ikaingia. Wazee wengi wa pale walizaliwa Unguja, Pemba au bara. Wapo walioondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, na wengi wakaingia Oman baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuhitaji watu waliosoma. Kiswahili kimebaki majumbani. Tena ndege ya moja kwa moja kutoka Dar ni saa tano na ushei, na wao wametutangulia kwa saa moja tu. Mwenye mgonjwa wa kisukari nyumbani anaelewa maana yake: mama alikula na kumeza dawa kwa mpangilio ule ule wa Tanga.

Sehemu ngumu ilikuwa huku kwetu. Pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000 na fomu unajaza mtandaoni. Hilo halina tabu. Tabu ni majina. Mama ana jina moja kwenye kitambulisho cha NIDA na jingine kwenye cheti cha ndoa cha 1984, kwa sababu sheikh aliyewaozesha aliandika jina la babu mahali pa baba. Cheti cha kuzaliwa hakuwahi kuwa nacho. Kwa hiyo RITA, ofisi ya usajili wa vizazi, kisha wakili kwa hati ya kiapo, kisha RITA tena, na mama kila safari anavaa khanga mpya kama vile anakwenda kupigwa picha. Anayetaka kuwapeleka wazazi nje aanze na makabrasha yao kabla hajaangalia hata bei ya tiketi.

Jambo ambalo wakala hakulitaja, nikalidai mwenyewe, ni kiti cha magurudumu uwanja wa ndege. Kwa kawaida hakilipiwi, ila kiombwe tangu kukata tiketi au angalau siku mbili kabla. Kwenye tiketi huandikwa kwa herufi: WCHR ni kwa anayeweza kupanda ngazi za ndege lakini mwendo mrefu unamshinda, WCHS ni kwa asiyeweza ngazi, WCHC ni kwa wa kusaidiwa mpaka kwenye kiti chake. Baba alikataa, yeye si mgonjwa. Mama akamwambia, "Basi nikae mimi, unisukume wewe." Baba akakaa.

Sasa kifurushi. Kwenye karatasi kiliitwa cha wapendanao, na nahisi aliyekiandaa hakuuliza wapendanao wenyewe wana umri gani. Kulikuwa na Wadi Shab, ambako unavushwa kwa mashua, unatembea juu ya mawe karibu saa nzima, halafu unaogelea ili ufike pangoni kwenye maporomoko. Kulikuwa na kulala kambi ya jangwani Wahiba Sands, na gari la kupanda na kushuka matuta ya mchanga kwa kasi. Baba ni fundi mstaafu wa karakana ya reli. Mgongo wake umeshabeba vya kutosha. Nikamwandikia wakala aviondoe vyote viwili. Akajibu kwamba kuviondoa hakubadilishi bei. Hapo tukaanza kubishana, na tulibishana mpaka siku ya safari.

Hoteli ilikuwa upande wa Qurum, safi, lifti nzima, kifungua kinywa kizuri. Lakini chumbani tulikuta taulo mbili zimekunjwa bata waliogusanisha midomo, na maua ya waridi yamemwagwa kitanda kizima. Mama alisimama mlangoni. "Nani kaolewa?" Kisha akaomba mfagio. Ombi la vitanda viwili, nililoliandika kwa herufi kubwa, halikumfikia mtu yeyote. Baba anakoroma, na naamini ndoa hii imefika arobaini kwa sababu, pamoja na mengine, ya kulala vitanda viwili. Mapokezi walitubadilishia chumba usiku ule ule bila maneno, nawasifu kwa hilo. Kasoro iliyobaki ni bafu: beseni la kuogea refu, la kuinua mguu juu ndipo uingie, na ukutani hakuna pa kushika. Ukiwapangia wazee hoteli, omba picha ya bafu. Ukiuliza kwa maneno utaambiwa liko vizuri.

Usiku wa sherehe yenyewe hoteli ilileta keki ya kifurushi, kubwa, yenye cheche za moto juu, kwa mwanamke wa kisukari. Mama alishukuru, akaomba wagawiwe wahudumu. Tulikula tena kesho yake kwenye mkahawa wa Matrah unaotazama bahari, shuwa, yaani nyama iliyofukiwa shimoni na viungo vyake mpaka inaachia mfupa yenyewe, na wali. Hiyo ndiyo ninayoihesabu kuwa karamu yao. Mji mzima ulikuwa na bendera na taa kwa ajili ya Sikukuu ya Taifa, ambayo mwaka ule ilikuwa bado tarehe 18 Novemba, na baba akasema hawa watu wamejiandaa vizuri kutupokea.

Kama una pesa ya kitu kimoja tu cha ziada Oman, mpe dereva. Wetu alipatikana nje ya kifurushi, kupitia jirani wa Tanga mwenye shemeji yake kule. Mzee wa makamo ya baba, kanzu nyeupe, kofia ya kudarizi, kazaliwa Wete, Pemba, akaondoka angali mtoto. Alipofika hotelini alimwamkia baba shikamoo. Baba akaziangalia zile ndevu nyeupe, akaona kuitikia marahaba ni kujitafutia dhambi, akamrudishia shikamoo. Wakasimama pale kila mmoja anamkataza mwenzake. Mwishowe wakaitana kaka, mama akawa dada, mimi mwanangu, na suala la nani mkubwa halikupata ufumbuzi.

Mzee huyu alivijua vyoo vyote vya njia ya Nizwa, sitanii. Hakungoja mtu aone haya kuomba. Aliingia kituo cha mafuta akisema anataka maji ya kunywa, akakaa huko kadiri inavyofaa, akarudi. Aliegesha mlangoni kabisa pale ambapo mabasi ya watalii yanashusha watu mbali. Tulimlipa rial 45 kwa siku, mafuta yakiwa ndani. Kwa fedha yetu si kidogo, lakini kila shilingi iliyokwenda kwake niliiona inafanya kazi.

Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa 2001, upangieni asubuhi. Wageni huingia kuanzia saa mbili mpaka saa tano, Jumamosi hadi Alhamisi, na kwa mama huo ndio ulikuwa wakati wa kuingia ukumbi mkuu akaliona zulia. Kwenye swala yeye atakuwa ukumbi wa wanawake, ulio mdogo zaidi. Zulia lina mita za mraba zaidi ya 4,300, wanawake 600 wa Iran walilifuma kwa miaka minne. Mnapita juu ya kitambaa cha kulilinda. Mama aliinama pembeni akaligusa kwa kidole, akaninong'oneza kwamba ni zuri, ila mkeka wa Pemba una kazi zaidi. Kutoka maegesho mpaka ndani ni mbali, na marumaru ile nyeupe juani inaumiza macho. Chukueni miwani ya jua, na soksi, kwa sababu viatu vinabaki nje.

Nizwa ndiyo iliyomlipa baba. Ni mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka Maskati kwa barabara nzuri. Tulikwenda Ijumaa mapema kwa ajili ya mnada wa mbuzi: wauzaji wanazunguka na mbuzi wao, wanunuzi wamekaa, anayetaka anamsimamisha mbuzi, anamshika mgongo, anamfungua mdomo. Baba alipanga bei za mbuzi wasio wake kwa nusu saa.

Ngome ya Nizwa ilijengwa karne ya 17 na Imamu Sultan bin Seif, yule aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650. Mwanawe, Seif bin Sultan, ndiye ambaye jeshi lake liliizingira Fort Jesus ya Mombasa karibu miaka mitatu mpaka ikaanguka mwaka 1698. Baba aliingia Fort Jesus akiwa kijana, na dereva alipomwambia hilo alisimama kama aliyekutana na mtu wa ukoo. Mnara wenyewe hakupanda. Ngazi zake ni nyembamba na za giza, zinakata kona, na juu kuna matundu walikomwagia adui asali ya tende iliyochemka. Tiketi ya mgeni ni rial 5, mzee wako akipanda asipande. Alikaa uani kivulini, akasimuliwa, na kwa maoni yangu alifaidi kuliko mimi niliyepanda nikatoka nahema.

Kilichonishangaza ni Falaj Daris, nje kidogo ya mji. Ni mfereji wa maji wa zamani, mmoja wa mitano iliyoingizwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, na kuuona ni bure. Pana bustani, kivuli, pa kukaa. Maji yanatembea kwa mteremko tu, bila pampu. Baba alivua viatu akatia miguu, akaanza kumhoji dereva mteremko ni kiasi gani, nani anauzibua, zamu za mashamba zinagawanywaje. Tulikaa pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote, na kwenye kifurushi hapakutajwa kabisa. Njiani kurudi baba akauliza, "Kaka, na stesheni yenu iko wapi?" Akaambiwa treni ya abiria hakuna, kuna reli inajengwa kutoka Sohar kwenda Abu Dhabi. Alisikitika kweli kweli.

Jebel Akhdar tuliiacha. Polisi wa kizuizi cha barabarani chini ya mlima hawaruhusu gari lisilo la 4x4, juu ni kama mita 2,000, na presha ya mama haikuhitaji majaribio.

Soko la Matrah nendeni jioni, kwa kuwa mchana wengi hufunga. Wauzaji wengi ni watu wa India na Bangladesh, kwa hiyo usidhani kila duka linaongea Kiswahili. Mama alimwambia mmoja, "Baba, hebu nipunguzie," kijana akabaki anatabasamu. Aliyejibu ni mwanamke wa Kimaskati aliyekuwa nyuma yetu: "Usimpe hiyo bei, mwenzangu, anakuibia." Wakashikana mikono. Mimi nikawa mbeba mifuko tu. Huyo mama ndiye aliyemchagulia ubani wa Hojari, wa Dhofari kusini mwa Oman, ule wa rangi ya kijani hafifu, akamwonyesha na duka la halua. Halua yao ni laini, ina zafarani na maji ya waridi, huliwa na kahawa chungu. Mama alionja kijiko kimoja akasema iliki haijatosha.

Hesabu: rial moja ni dola 2.60, na wakati ule ilikuwa karibu shilingi 7,000 za kwetu. Rial ina baiza 1,000, hivyo mzee akisikia "mia tano" anaona rahisi kama kitumbua, kumbe ni zaidi ya elfu tatu. Tiketi za ndege zilikula zaidi ya nusu ya mchango wetu wote. Na mwezi chagueni kati ya Novemba na Februari, kwani kufika Mei joto linapita nyuzi 40.

Wakala nampa nyota tatu kati ya tano. Viza zilitoka kwa wakati, tiketi hazikuwa na kosa hata la herufi, na kwa majina ya mama hilo si jambo dogo. Pesa ya kambi ya jangwani alirudisha baada ya kukata anachokiita gharama za usumbufu. Ya Wadi Shab hajarudisha mpaka leo. Nyota ya tatu ni ya kijana wa ofisini kwake aliyepokea simu zangu hata saa nne usiku. Nikienda tena nitamwachia tiketi na viza tu. Hoteli nitaichagua mwenyewe, na ratiba ya siku nitamwachia yule mzee wa Wete.