Gantri ya tani 2 ya karakana: boriti safi, magurudumu mabovu

Paa letu ni jepesi. Mwenye akili timamu hawezi kufunga chenibloki (kifaa cha mnyororo na gia cha kunyanyulia mizigo) kwenye kenchi zake akaning'iniza injini ya lori. Ndiyo maana tulichukua gantri: boriti ya chuma yenye umbo la herufi I, miguu miwili iliyotanuka chini, magurudumu manne. Mzigo wote unashukia miguuni hadi sakafuni, jengo halihusiki. Kreni ya juu ya kiwandani ni jambo jingine, maana ile hutembea kwenye reli zinazobebwa na nguzo za jengo lenyewe.

Boriti naisifu bila kinyongo. Tulikaza uzi juu yake toka ncha hadi ncha, tukanyanyua injini ya dizeli katikati kabisa, ambapo boriti hupinda kuliko popote. Uwazi mdogo ukaonekana chini ya uzi. Tuliposhusha injini, uwazi ukapotea. Chuma kinachorudi mahali pake ndicho ninachokitaka.

Chenibloki iliyokuja nayo ni ya kawaida na ni nzuri. Unavuta mnyororo mrefu, mzigo unapanda kidogo tu. Gia ndizo zinazokupa nguvu, na unalipa kwa jasho la mikono. Ule mlio wa tik-tik wakati wa kupandisha ni kidole cha chuma kinachoruka meno ya breki. Ukiachia mnyororo, kidole kinanasa jino, na uzito wa mzigo wenyewe unazikaza sahani za breki. Fundi anaweza kwenda kutafuta spana na injini ikabaki pale pale. (Kusimama chini yake ni marufuku hata hivyo, breki iwe nzuri namna gani.)

Sasa magurudumu. Ni madogo mno. Yakikuta ufa wa sakafu, mguu mmoja unakwama na mwingine unatangulia, gantri yote inakwenda mshazari na mzigo unaanza kubembea. Kitabu chake kinaruhusu kuisukuma ikiwa na mzigo ulioshushwa karibu na sakafu, lakini aliyeandika hivyo alikuwa na sakafu ya kioo.

Gantri kubwa kuliko hii hazichezi na jambo hili la njia ya kupita. Kreni za gatini za kushusha kontena melini hutembea juu ya reli, na mkono wake mrefu hupita juu ya meli; ya kwanza ya aina hiyo ilianza kazi Alameda, California, mwaka 1959. Zile za kupanga kontena uwanjani hutumia matairi makubwa ya mpira, ila hupita kwenye njia zilizosawazishwa na kuimarishwa kwa ajili yao. Na gantri mbili ziitwazo Samson na Goliath, za kiwanda cha meli cha Belfast, Ireland ya Kaskazini, kila moja yenye uwezo wa kunyanyua tani 840, nazo ziko juu ya reli.

Nyota 4 kati ya 5. Kimo kinarekebishwa kwa pini, watu wawili wakisaidiana, na toroli (kigari kinachobeba chenibloki) inateleza vizuri kwenye boriti. Kama sakafu yako ni laini, ichukue ilivyo. Kama ni ya nyufa kama yetu, agiza magurudumu mapana yenye kufuli na yanayohimili uzito uleule, uyafunge kabla hujanyanyua chochote.